Ndege ya Asubuhi Kwenda Bukoba

Mvua inayowaamsha watu wa Bukoba alfajiri, mara nyingi imeanza usiku wa manane huko katika Ziwa Victoria, upande wa kisiwa cha Goziba. Jua likishazama, nchi kavu hupoa upesi kuliko maji. Upepo wa baridi hutoka bara pande zote, Kagera, Mara na Uganda, ukakutana katikati ya ziwa ambako maji bado ni vuguvugu. Hewa hupanda, mawingu hujengeka, radi huanza. Kisha upepo wa mashariki huyasukuma mawingu hayo hadi pwani ya magharibi. Ndiyo maana Bukoba hupata mvua ya kama milimita 2,000 kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya ile ya Dodoma. Wavuvi wa dagaa wa Goziba hawakusomea jambo hili, lakini wanalijua. Kisiwa chao kiko mbali ndani ya ziwa, na mtu aliyetoka na taa zake kipindi cha giza akakosea kulisoma wingu, hana ghuba ya karibu ya kukimbilia.

Sasa tazama ratiba. Ndege ya kwanza ya siku kutoka Dar es Salaam huondoka alfajiri na kufika Bukoba asubuhi, saa zile zile ambazo ziwa linamalizia shughuli zake za usiku. Siku nyingi mawingu huwa yameshatawanyika, na abiria huona maji ya buluu, kisiwa cha Musira, mapaa ya mji, kisha magurudumu yanagusa lami. Siku nyingine hayajatawanyika.

Jumapili ya Novemba 6, 2022 hayakuwa yametawanyika. Ndege ya Precision Air, safari namba PW494, aina ya ATR 42 yenye injini mbili za pangaboi, ilitoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43: abiria 39, marubani wawili na wahudumu wawili. Ilikuta mvua na mawingu mazito Bukoba. Abiria walionusurika walisimulia kwamba walitangaziwa kuwa hali ya hewa si nzuri na kwamba huenda wakapelekwa Mwanza. Baadaye ndege ikashuka kuelekea uwanjani. Kabla ya kufika saa tatu asubuhi ikaingia majini, njia ya kutua ikiwa mbele yake, karibu kiasi kwamba watu waliokuwa ufukweni waliona kila kitu. Watu 19 walifariki, marubani wote wawili wakiwamo. Watu 24 walitoka hai.

Wa kwanza kufika walikuwa wavuvi, na mitumbwi na makasia yao. Majaliwa Jackson, kijana mvuvi ambaye jina lake lilijulikana nchi nzima kabla ya jua kuzama, alisimulia jinsi alivyozama kuwafuata marubani walionasa kwenye chumba chao, hadi kamba ya uokoaji ilipokatika ikampiga na yeye mwenyewe akazindukia hospitalini. Kesho yake miili iliagwa katika uwanja wa Kaitaba. Waliokuwa Bukoba siku hiyo hawahitaji mtu wa kuwasimulia.

Uchunguzi wa serikali ulizungumzia hali mbaya ya hewa, na ndege kushuka kwa kasi kubwa kuliko inavyotakiwa katika hatua ya mwisho, huku chombo cha tahadhari kikiwa kimetoa onyo la kasi hiyo. Sitakwenda mbele zaidi ya hapo, wala siandiki haya kuwahukumu marehemu wawili waliokuwa na familia na waliotumikia anga kwa kazi ngumu. Yaliyosemwa mioyoni mwao dakika zile wameondoka nayo. Ninachotaka ni kuzungumza na yule atakayeketi kwenye kiti kile kesho: kijana mwenye leseni mpya mkononi, anayengoja simu ya kampuni ya ndege zinazokwenda mikoani.

Tuchukue mfano wa kutunga. Binti amezaliwa Goziba. Baba yake ana mitumbwi miwili ya dagaa na injini moja nzuri. Binti anapofaulu sayansi, baba anauza injini, mjomba aliyeko Muleba mjini anaongeza, kanisa linachanga, na bado haitoshi, kwa maana urubani ni mamilioni juu ya mamilioni. Anakwenda kusoma nje, labda Nairobi pale Wilson, labda Soroti huko Uganda kwenye chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya Afrika Mashariki mwaka 1971, labda Afrika Kusini. Anarudi na leseni ya urubani wa biashara, saa zake 200 na ushei, cheti cha afya cha daraja la kwanza, na cheti cha Kiingereza cha redioni. Kijijini wanajua kwamba mtoto wao ni rubani. Kampuni zinajua kwamba ndiyo kwanza anaanza.

Hilo ndilo jambo la kwanza la kutarajia: kungoja. Wenzake wengi huanzia kwenye Cessna Caravan, ndege ya injini moja, wakipeleka watalii Serengeti na Zanzibar, wakikusanya saa. Ni shule nzuri sana ya mikono na macho. Ina hatari moja tu: rubani anayeruka peke yake huzoea kuamua peke yake na kunyamaza, kwa kuwa hana wa kumwambia. Tabia hiyo akihamia nayo kwenye ndege ya marubani wawili, amehamia na ugonjwa.

Siku kampuni inapomwita, anawekewa mkataba mezani. Kusomea aina mpya ya ndege, iwe ATR au Q400, ni gharama kubwa, na mikataba mingi humfunga rubani kwa miaka kadhaa. Akiondoka kabla ya muda, anadaiwa. Ausome mkataba ule mstari kwa mstari, na ikiwezekana asomewe na mwanasheria. Nasema hivi si kwa ajili ya fedha peke yake. Mtu anayejua kwamba akifukuzwa atarudi Goziba na deni asiloweza kulilipa, na baba hana tena injini, ana sababu moja zaidi ya kukaa kimya mbele ya mkubwa wake. Deni hupanda naye ndegeni.

Kisha darasa, kisha simuleta, mashine ya mafunzo inayoiga ndege. Humo atazimiwa injini moja mara tu baada ya kupaa, atawashiwa moto, atafungiwa uwanja, atarudishwa, ataanza upya. Atatoka na jasho, na kila baada ya miezi sita atarudishwa tena kupimwa maadamu anaendelea na kazi hii. Asiichukie simuleta. Ila afahamu kitu ambacho simuleta haiwezi kumpa: abiria nyuma. Mle ndani, kughairi kutua ni jibu sahihi la mtihani, mkufunzi anatikisa kichwa kwa kuridhika. Kwenye ndege yenyewe, nyuma kuna watu kadhaa wenye miadi, kuna bibi anayewahi mazishi Kamachumu, kuna mfanyabiashara mwenye mzigo, na kuna safari nyingine inayotakiwa kuondoka na ndege hii hii mchana. Hakuna anayemsukuma kwa mkono. Wote wanamsukuma.

Baada ya simuleta ataruka na kapteni mkufunzi, safari baada ya safari, hadi athibitishwe. Maisha yenyewe yatakuwa haya: kuamka saa tisa usiku ili afike uwanjani mapema, kuzunguka ndege kwa tochi na koti la mvua, kusoma taarifa za hali ya hewa, kupiga hesabu za uzito na mafuta, kupaa na kutua mara nne au tano kwa siku, kula amekaa, kulala hoteli ya mkoani asiyokumbuka jina lake. Sare ina tepe mabegani na watoto watamtazama uwanjani kwa mshangao. Mshahara wa kwanza utakuwa mdogo kuliko ndoto ya kijiji. Ampigie mama simu mapema amweleze hivyo, maana ndugu watakuja na shida zao wakiamini rubani ni tajiri.

Uchovu nao asiuite uvivu. Februari 12, 2009, karibu na Buffalo nchini Marekani, ndege ya Colgan Air aina ya Q400, aina ile ile ambayo Air Tanzania huitumia kwenda Bukoba, ilianguka na kuua watu 50. Kapteni alikosea namna ya kuitikia onyo kwamba ndege inapoteza mwendo. Lakini wachunguzi walitazama pia yaliyotangulia: rubani msaidizi, dada wa miaka 24 mwenye mshahara mdogo, alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle upande wa pili wa nchi ili awahi kazini, na wawili hao walikuwa wakipiga soga wakati ambao kanuni inataka yasisemwe maneno yasiyohusu safari. Familia za waliokufa hazikukubali jambo lile lifunikwe. Zilikwenda bungeni mara kwa mara, sheria za mapumziko zikabadilishwa, na kuanzia 2013 Marekani ikadai saa 1,500 kwa rubani msaidizi wa shirika la abiria. Kwetu rubani msaidizi bado anaweza kuingia akiwa na saa pungufu ya hizo. Si kosa lake, ila mzigo wa kujilinda ni mkubwa zaidi kwake: aseme akiwa amechoka, akatae akiwa mgonjwa, na asijivunie kuruka bila kulala.

Lakini hayo yote ni pembeni. Kiini ninachotaka akishike ni kile kinachotokea baina ya viti viwili.

Kapteni huketi kushoto, rubani msaidizi kulia. Katika kila safari mmoja anarusha na mwingine anaangalia. Kijana anapoingia hudhani kwamba zamu ya kurusha ndiyo kazi, na zamu ya kuangalia ni mapumziko. Ni kinyume. Anayerusha kwenye mvua ana macho yake nje akiutafuta uwanja. Anayeangalia ndiye mwenye mwendo, kimo na kasi ya kushuka mbele ya uso wake. Akinyamaza huyo, chumba kizima kimebaki na jicho moja.

Naye anakuja akiwa amelelewa. Binti wa Goziba hakufundishwa kumkosoa mtu mzima. Alfajiri ile amemsalimia kapteni, mtu wa umri wa baba yake, "Shikamoo, Kapteni," akaitikiwa "Marahaba, mwanangu, umelala salama?" Ni salamu njema, na sitaki itoke katika anga yetu. Saa mbili baadaye, mvua ikipiga kioo, anatakiwa kumwambia mtu yule yule, kwa sauti isiyotetemeka, kwamba anakosea.

Huo ndio mtihani, na wengi duniani wameushindwa. Mei 2007, ndege ya Kenya Airways safari 507 iliondoka Douala, Kamerun, usiku wa manane baada ya kucheleweshwa na dhoruba. Ilikuwa Boeing 737 mpya kabisa. Iliondoka kabla ya kupewa ruhusa na mnara. Ilipopaa gizani, ikaanza kulalia upande wa kulia polepole, hakuna aliyeiona hali hiyo kwa vyombo, na kapteni alipokuja kugundua alipotewa na mwelekeo. Watu wote 114 walikufa. Kapteni alikuwa na miaka 52, msaidizi wake miaka 23. Wachunguzi waliandika juu ya uratibu mbovu baina ya wawili hao na kutofuatwa kwa utaratibu wa kuangalia mwenendo wa ndege. Miaka thelathini kabla ya hapo, Machi 27, 1977 huko Tenerife, fundi aliyekuwa na marubani ndani ya ndege ya KLM iliyokuwa ikianza kupaa aliuliza kama ndege nyingine imeshatoka kwenye njia ya kurukia. Akajibiwa kwa mkato, naye hakuuliza tena, na ndege hizo mbili zikagongana. Kapteni wake alikuwa mkufunzi mkuu wa kampuni. Walikufa watu 583, na hadi leo hakuna ajali ya ndege iliyoua watu wengi zaidi. Kutokana na msiba ule na mingine iliyofuata, mashirika ya ndege yalianza kufundisha rasmi jambo ambalo hapo kabla liliachwa kwa tabia ya mtu: namna ya mdogo kusema na ya mkubwa kusikia.

Hebu tumweke binti yetu pale. Asubuhi, wanakuja Bukoba. Mvua juu ya ziwa. Uwanja uko ufukweni kabisa, mfupi, kwa hiyo ndege huja ikiwa juu ya maji, na maji yaliyopigwa na mvua hayana alama: hayana mti, hayana nyumba, hayana barabara ya kumpa mtu kipimo cha urefu. Macho ya binadamu juu ya maji matupu hudhani yako juu zaidi kuliko yalivyo. Maji yanayotiririka kwenye kioo huongeza udanganyifu ule ule kwa upande ule ule. Mambo mawili, yote yanamwambia rubani: shuka kidogo zaidi. Wala hakuna mitambo ya ardhini ya kumshika mkono hadi chini kama ilivyo kwenye viwanja vikubwa. Sharti auone uwanja kwa macho yake. Basi kapteni anautafuta. Anauona, unapotea, anauona tena. Mtu anayetafuta kitu namna hiyo hasikii vizuri.

Sindano ya kasi ya kushuka, ambayo katika kutua kwa kawaida ingesoma kama futi 600 kwa dakika, inasoma 1,000. Inapita. Piga hesabu: ndege ikiwa futi 500 juu ya ziwa na ikishuka futi 1,000 kwa dakika, zimebaki sekunde thelathini. Ikishuka futi 2,000 kwa dakika, kumi na tano. Ndani ya sekunde hizo inabidi mmoja aone, mmoja aseme, mmoja asikie, mikono isogee, injini zijibu, na chuma cha tani nyingi kiache kushuka kianze kupanda. Hakuna nafasi ya kutafuta maneno ya heshima.

Kwa hiyo maneno yawe yameshatafutwa nyumbani. Kwanza ataje kipimo, si hisia: "Kasi ya kushuka, elfu moja na mia mbili." Asiseme "Kapteni, naona kama tunashuka kidogo." Neno "kidogo" limeua. Kapteni asiporekebisha, aseme jambo la kufanya: "Ghairi, tupae." Kapteni akinyamaza mara ya pili, kanuni katika mashirika mengi ni moja na haina aibu ndani yake: mtu aliyeitwa mara mbili kwa jambo la hatari asiitike huhesabiwa kuwa hajiwezi, hata kama macho yake yako wazi, na msaidizi anatangaza kwamba ameshika usukani, anashika, anapaa. Watazungumza chini. Acha msaidizi aripotiwe, aitwe kwa mkuu wa marubani, aitwe asiye na adabu. Atakuwa hai wa kuitwa hivyo, na nyuma yake abiria wote watakuwa hai.

Lipo pia la kufanya kabla ya sekunde hizo, na hilo ni jepesi zaidi. Wakiwa bado Dar es Salaam, juu ya karatasi kavu, wakubaliane: mafuta yakifika kiasi hiki na Bukoba bado imefungwa, tunakwenda Mwanza. Tukifika futi 1,000 na ndege haijatulia katika mwendo na kasi ya kushuka, tunapaa, hatujadiliani. Tukijaribu mara moja ikashindikana, tunaondoka. Uamuzi uliofanywa chini kabla ya kupaa hauna mbio za moyo. Huko Goziba, nahodha mzuri wa mtumbwi wa dagaa huwaambia watu wake wangali mwaloni ni wingu la upande gani litakalowarudisha, na tajiri mwenye chombo, aliyebaki nchi kavu akihesabu mafuta na mgao, hana sauti juu ya hilo. Wanaofanya kinyume, majina yao yanatajwa kwenye matanga.

Tajiri wa ndege naye yupo, na hapa sitaki lawama yote imwangukie kijana. Kampuni inaweza kuandika kitabu kizuri cha usalama na bado ikamfundisha rubani kinyume chake kwa swali moja la baridi: "Kwa nini ulikwenda Mwanza?" Akiulizwa hivyo mara mbili, mara ya tatu hataenda Mwanza. Kampuni inayojali humwuliza rubani aliyetua kwa hali mbovu, na kumshukuru aliyeghairi. Kijana anaweza kuipima kampuni yake kwa hilo katika mwezi wa kwanza, kwa kusikiliza tu marubani wanacheka nini kwenye chumba cha chai. Kama wanamcheka aliyerudi, ajue yuko wapi, akusanye saa zake kwa uangalifu na macho yake yatazame mlango.

Makapteni nao, wengi wao wema na wenye mikono ya dhahabu, nawaomba jambo moja. Kila asubuhi kabla ya kuwasha injini, mwambieni kijana, kwa mdomo wenu, kwamba akiona kitu aseme, na kwamba akisema hamtakasirika. Kisha siku akisema, hata kama amekosea, mshukuruni mbele ya wahudumu. Binti aliyeshukuriwa kwa tahadhari isiyo ya lazima atasema tena siku ya lazima. Aliyetazamwa kwa jicho kali hatasema tena.

Nimebakiza sisi abiria, kwa sababu sisi ndio tunaoimba wimbo wa "tufike" kwa sauti kubwa kuliko wote. Nawajua watu wa Bukoba na Muleba, ni watu wangu. Ndege ikipelekwa Mwanza kwa sababu ya mvua tunanung'unika, tunapiga simu, tunamtupia mhudumu maneno, tunauliza rubani gani huyu anaogopa mvua. Aliyeko kiti cha kulia anasikia habari hizo jioni, na kesho anaruka nazo. Kutoka Bukoba hadi Mwanza, kwa ATR, ni nusu saa hivi angani. Uwanja wa kule ni mrefu na mabasi ya kurudi Kagera yapo. Siku nyingine ikitangazwa kwamba tunakwenda Mwanza, tufunge mikanda tutulie, na wakati wa kushuka tusimame mlangoni tuwape mkono marubani wote wawili, hasa yule mdogo.